Usukani Juu Kidogo: Majibu kwa Yanayosemwa Kijiweni

Dereva wa bodaboda anayeanza kazi saa kumi na mbili asubuhi na kulaza pikipiki saa mbili usiku hukaa kwenye siti moja muda mrefu kuliko karani yeyote wa benki. Karani akilalamikia kiti, ofisi humtafutia kingine. Dereva akilalamika, huambiwa avumilie. Akisema anataka usukani uinuliwe kidogo ili mgongo unyooke, kijiwe kizima kinamgeukia. Huyu anamwambia pikipiki itayumba, yule anamwambia nyaya zitakatika, na wa tatu anamwelekeza kwa fundi wa kuchomelea atakayemaliza kazi kwa nusu saa. Wote wana uhakika, na wengi wao wamekosea. Kukosea huko kuna gharama: wengine hulipa kwa maumivu ya kila siku, wengine kwa kuanguka.

Msimamo wangu ni huu. Kuinua usukani kwa sentimita 2 au 3, kwa vifaa vinavyofungwa kwa bolti, nyaya zikiwa zimekaguliwa, ni kazi halali na yenye faida kwa dereva ambaye mwili wake unaihitaji. Si kila dereva anaihitaji, na si kila njia ya kuinua inafaa. Nazungumzia pikipiki tunazoziona kila siku barabarani: Boxer, TVS HLX, Haojue, SanLG na Honda za aina ya CG. Karibu zote zina usukani wa bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 22, uliobanwa na vibanio viwili juu ya bamba linaloshika shokapu za mbele.

Dai la kwanza ndilo kongwe kuliko yote: "Mgongo kuuma ni sehemu ya kazi, usukani hauhusiki."

Unahusika sana. Mwili wa dereva umeshikwa mahali patatu: makalio kwenye siti, miguu kwenye vikanyagio, mikono kwenye usukani. Pahali pamoja pakikaa vibaya, pengine pawili hulazimika kufidia. Dereva mrefu anayeufuata usukani ulio chini na mbali hupinda kiuno, mgongo wa chini ukawa mviringo, na misuli ya hapo ikashika kiwiliwili kizima kwa saa nyingi bila kupumzika. Kisha, kwa kuwa kifua kimeinama, humbidi ainue kidevu ili aone barabara. Shingo hiyo iliyokunjwa nyuma inabeba kichwa pamoja na helmeti ya kilo moja na nusu hivi. Ndiyo maana wengi wanaolalamika mgongo hulalamika na shingo pia, hata kama hawajaunganisha mambo hayo mawili.

Upo upimaji rahisi usiohitaji fundi. Weka pikipiki kwenye stendi ya katikati, panda, weka miguu kwenye vikanyagio, kaa mgongo ukiwa umenyooka bila kujikaza, mabega yakiwa yamelegea. Fumba macho. Nyosha mikono mbele kama mtu anayetaka kushika usukani, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo, kisha fumbua macho uone mikono imeishia wapi. Ikiwa imeelea juu ya mipini kwa upana wa vidole viwili au vitatu, usukani wako uko chini kwa mwili wako. Ikiwa imeangukia palepale, maumivu yako yana chanzo kingine. Mwenzako akupige picha ya simu kutoka ubavuni, picha haitakubembeleza.

Kabla hujanunua chochote, angalia siti. Madereva wengi hupeleka siti kwa mshonaji, wanaongezewa sponji nene na ngozi mpya ya kung'aa, kisha baada ya mwezi wanashangaa mabega yanauma. Sponji ya sentimita 4 imekuinua wewe sentimita 4, na kwa mwili wako ni sawa na kuushusha usukani sentimita 4. Wapo ambao dawa yao si kuinua usukani bali kupunguza sponji hiyo. Kinyume chake pia hutokea: sponji iliyochakaa inabonyea katikati, dereva anatelezea mbele kuelekea tangi, na kila breki inamsukuma zaidi.

Na hapa niseme jambo ambalo halipendwi kusikika. Dereva anayebeba mshikaki, abiria wawili nyuma yake, husukumwa mpaka magoti yanagusa usukani na tumbo linalala kwenye tangi. Mikono yake haina pa kwenda ila kukunjika kama ya mtu anayefua. Huyo maumivu yake ni ya nafasi, si ya urefu wa usukani, na hata ukiuinua mpaka kifuani hatapata nafuu. Abiria wawili ni kosa la barabarani Tanzania na Kenya pia, lakini hata sheria ikifumba macho, mgongo haufumbi.

Dai la pili: "Ukiinua usukani, pikipiki inakuwa nyepesi mbele, inayumba."

Hili linasemwa kwa sauti ya kitaalamu, kwa hiyo linastahili kujibiwa kwa hesabu. Chukua dereva wa kilo 70. Kiwiliwili, kichwa na mikono ni kama theluthi mbili ya uzito huo, tuseme kilo 47. Usukani ukipanda na kumruhusu kunyooka, sehemu hiyo ya mwili itarudi nyuma kwa sentimita 3 hivi. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye pikipiki hizi ni takriban sentimita 130. Zidisha 47 kwa 3, gawanya kwa 130. Jibu ni kilo moja na kidogo. Huo ndio uzito ulioondoka gurudumu la mbele na kwenda la nyuma.

Sasa mpakie abiria wa kilo 70. Amekaa karibu na juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo karibu uzito wake wote unashuka kwenye gurudumu la nyuma. Mfungie gunia la mkaa kwenye keria, nyuma kabisa ya ekseli, na gunia hilo halibonyezi gurudumu la nyuma tu, bali linanyanyua la mbele. Dereva anayepanda Mlima Kitonga na mkaa nyuma haogopi wepesi wa mbele, halafu anaogopa kilo moja ya usukani! Pembe ya shingo ya pikipiki na namna gurudumu la mbele linavyokaa barabarani vimeamuliwa na fremu na shokapu. Kuinua usukani hakuvigusi.

Kwa nini basi wapo wanaoapa kwamba pikipiki zao zilianza kuyumba baada ya kuinuliwa? Mara nyingi kilichokuwa kibovu kilikuwa kibovu tangu zamani, na usukani mpya umekifanya kisikike zaidi mikononi. Nyanyua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukihisi unanasa kidogo unapofika katikati, beringi za shingo zimechimbika. Shika shokapu kwa chini, vuta na sukuma; kukiwa na mchezo, beringi zimelegea. Angalia tairi lililolika upande mmoja, na beringi za gurudumu lenyewe. Hizo ndizo zinazoyumbisha pikipiki.

Sababu ya pili ni vifaa vya kuinulia vyenyewe. Vipande vya urefu wa sentimita 8 au 10 vinakuwa mtaimbo: kila ukivuta usukani, nguvu inayofika kwenye bolti za chini ni kubwa kuliko iliyokusudiwa, na kama vibanio vimekalia mpira, usukani mzima unacheza mbele na nyuma. Ukomo wa sentimita 3 niliouweka haukutoka hewani. Chini ya hapo matatizo haya ni madogo. Juu ya hapo yanakua haraka.

Tatu: "Kiwanda kinajua kuliko wewe."

Kiwanda kinajua pikipiki, hakikujui wewe. Usukani mmoja umetengenezwa utumike na mtu wa futi tano na inchi tatu na mtu wa futi sita na inchi mbili. Mmoja kati yao lazima ataumia, na yule wa kati atakaa vizuri kwa bahati. Zaidi ya hapo, viwanda vyenyewe havitumii urefu mmoja. Mtazame bwana shamba aliyewahi kupewa Yamaha AG100 au DT125 na mradi: usukani wake ni mpana na uko juu tangu siku ya kwanza, kwa sababu pikipiki hizo zilikusudiwa njia mbovu, ambako dereva husimama kwenye vikanyagio na kuacha miguu ibebe mshtuko wa mashimo. Mtu anayesimama anahitaji usukani ulio juu, la sivyo atainama kama mtu anayepalilia. Kiwanda kinapoangalia kazi, kinabadilisha usukani. Dereva anayeangalia mwili wake na kufanya vivyo hivyo hajamkosea mhandisi yeyote.

Kuna kitabu cha pikipiki ambacho wengi hukitupa pamoja na boksi. Humo mna mambo ya kuheshimu: alama ndogo ya nukta iliyogongwa kwenye usukani, inayotakiwa kulingana na ukingo wa kibanio, mpangilio wa kukaza bolti, ambapo Honda nyingi hutaka za mbele zikazwe kwanza kisha za nyuma, na kiasi cha kukaza. Hapo ndipo kiwanda kinajua kuliko sisi.

Dai la nne linatoka upande wa pili, kwa wapenzi wa usukani mrefu: "Kadiri unavyokuwa juu ndivyo unavyostarehe."

Hapana. Mikono ikifika usawa wa mabega, misuli ya mabega na shingo ndiyo inayoining'iniza kutwa nzima, na damu inapata shida kufika vidoleni. Jimbo la California nchini Marekani, ambako mtindo huu una wapenzi wengi, limeweka sheria: mikono ya dereva aliyekaa isizidi inchi 6 juu ya mabega yake. Na hiyo ni kwa watu wanaoendesha kwa burudani mwisho wa wiki. Kwa mtu wa kazi, mikono ikae chini sana ya hapo, kati ya kiwiko na kifua.

Kuna na suala la uti wa mgongo. Mtu aliyekaa wima kabisa, kiuno na kichwa kwenye mstari mmoja, anapopita tuta mshtuko unapanda moja kwa moja kutoka siti hadi shingoni. Mtu aliyeinama mbele kidogo anagawa mshtuko huo: sehemu inakwenda kwenye mikono, sehemu inalainika kwenye nyonga. Barabara zetu zina matuta na rasta kila penye shule, soko na njia panda, kwa hiyo kuinama kidogo huko si adhabu. Ni kinga. Ongeza upepo: ukitoka Chalinze kuelekea Morogoro kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kifua kilichosimama wima kinasukumwa nyuma na mikono inageuka kamba za kujishikilia. Madereva wanalijua hili ndiyo maana huvaa jaketi kinyume, zipu mgongoni. Anayefanya safari ndefu za barabara kuu asiinue kama anayezunguka Kinondoni.

Nguvu yangu kubwa nimeiweka kwenye dai la tano kwa sababu linaua: "Nenda kwa fundi wa kuchomelea, akate usukani katikati, aongeze bomba. Ni kitu kilekile."

Si kitu kilekile hata kidogo. Bomba la usukani ni jembamba, kuta zake ni kama milimita 2. Linapochomelewa, chuma kilicho kandokando ya mshono kinapata moto mkali kisha kinapoa hovyo, na tabia yake inabadilika: hapo ndipo panapokuwa pagumu na pepesi kuvunjika. Pikipiki inatetemesha usukani kila sekunde injini inapowaka, na kila shimo linaupiga. Chuma kinachopigwa mara milioni nyingi hakikatiki kwa sababu ya pigo moja kubwa. Kinaanza ufa mdogo mahali palipo dhaifu, na ufa unatembea kidogo kidogo. Nimeushika usukani wa namna hiyo mkononi. Fundi alikuwa ameusaga mshono ukawa laini, akaupaka rangi nyeusi, ukapendeza. Chini yake, ukiutazama juani, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, na kutu ya rangi ya chai ikivuja kutoka chini ya rangi. Mwenyewe alikuwa bado anabeba abiria kwa usukani huo.

Usukani kama huo hauvunjiki ukiwa umeegesha. Unavunjika unapofunga breki ghafla, kwa sababu hapo ndipo uzito wako na wa abiria unapoiangukia mikono. Yaani unakuacha wakati unaouhitaji kuliko wote.

Wengine hukwepa kuchomelea kwa kutengeneza usukani mzima kutoka bomba la maji la nusu inchi. Kwa macho linafanana. Ukilipima kwa nje ni milimita 21.3, si 22. Pengo hilo la milimita 0.7 linatosha kufanya vibanio visilikamate vizuri, na fundi atakushauri uzungushie kipande cha bati. Siku unayotua kwenye shimo, usukani unajizungusha ndani ya bati, mipini inashuka kuelekea magotini, na huna tena cha kuendeshea. Kukunja usukani wa alumini kwa moto ni vivyo hivyo, alumini iliyopashwa moto na kukunjwa haina nguvu iliyokuwa nayo.

Njia salama zipo, na hazihitaji hata cheche moja. Ya kwanza ni kubadili usukani wenyewe kwa ule wa pikipiki nyingine yenye usukani wa juu zaidi. Kwa kuwa nyingi ni za milimita 22, hukubaliana, lakini peleka kipimo cha venia dukani, usiamini macho. Ya pili ni vipande vya kuinulia vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, ambavyo mafundi wengine huviita raiza. Vinakaa kati ya bamba na usukani, au vinachukua nafasi ya vibanio vya awali. Maduka ya Kariakoo na yale ya Kirinyaga Road jijini Nairobi ndiyo mahali pa kuanzia kutafuta. Ukikosa, fundi mzuri wa kukereza anaweza kukutolea vipande kutoka chuma kizima. Kinachohitajika kuangaliwa kwa jicho kali ni bolti. Ukiweka kipande cha sentimita 3, bolti ya zamani haifiki tena. Unahitaji ndefu zaidi kwa urefu uleule ulioongeza, yenye namba 8.8 kichwani, si ile laini ya kufungia kitasa. Uzi wake uingie ndani ya bamba si chini ya unene wa bolti yenyewe kama bamba ni la chuma, na mara moja na nusu au zaidi kama ni la alumini. Bolti ya milimita 8 iliyoshika nyuzi tatu tu ni ajali iliyoahirishwa.

Katika kubadili usukani kuna mtego mmoja ambao mafundi wengi hawausemi. Nyumba ya swichi na ya eksileta ina kipini kidogo ndani, kinachoingia kwenye tundu lililotobolewa kwenye usukani ili visizunguke. Usukani mpya mara nyingi hauna tundu hilo, au unalo mahali pengine. Fundi mwenye haraka anakata kipini, anakaza skrubu, anasema tayari. Baada ya wiki nyumba ya eksileta inazunguka pamoja na mkono wako, na unapoachia mafuta hayarudi. Toboa tundu dogo mahali sahihi. Ni kazi ya dakika chache.

"Nyaya zitakatika," wanasema wengine, na wenzao wanajibu, "zitajinyoosha zenyewe." Pande zote mbili zimekosea. Kwa sentimita 2 au 3 pikipiki nyingi zina urefu wa akiba, hasa ukibadili njia ya waya uliopita mbele ya shingo ukaupitisha nyuma yake. Lakini waya haunyooki. Waya wa klachi ukikaza, klachi inakuwa imevutwa nusu muda wote, sahani zinateleza na kuungua, nawe unalaumu mafuta ya injini. Waya wa breki ya mbele ya ngoma ukikaza, breki inajishika yenyewe unapokata kona. Waya wa eksileta ndio wa kuogopwa kuliko zote. Jipime hivi: injini ikiwa inanguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia. Mlio ukipanda hata kidogo, usiondoke hapo. Siku utakapogeuza pikipiki kwenye njia finyu na mama na mtoto nyuma, usukani ukiwa umezungushwa wote, pikipiki itaruka mbele bila wewe kuigusa.

Zungusha vilevile ukitazama nyaya za umeme zinazoingia kwenye taa. Zikikazwa hukatika kwa ndani, plastiki ikiwa nzima, na utahangaika na honi inayolia ukienda moja kwa moja na kunyamaza ukikata kona. Wenye breki ya disiki mbele waangalie na mpira wa mafuta ya breki: ukivutika, ununuliwe mrefu, hapana kujadiliana. Na wale waliofunga mifuko ya ngozi ya kukinga mikono na baridi waivue wakati wa upimaji huu, kwa sababu inaficha kila kitu kinachotakiwa kuonekana.

Dai lingine ni jepesi, nalijibu kwa ufupi: "Zungusha tu usukani uje kwako, ni bure." Kwa madereva wengine hili linatosha kabisa, na ningeanza nalo kabla ya kutoa shilingi. Legeza bolti, uvute usukani kidogo kuelekea kwako, kaza. Lakini ukiuzungusha usukani, mikono ya klachi na breki inazunguka nao na kuelekea chini au juu. Lazima uilegeze na kuirudisha, mpaka vidole vikinyooshwa kutoka kwenye mkono ulionyooka viikute palepale. Na hakikisha mipini haigusi tangi ukikata kona hadi mwisho.

Hapo ndipo linapoingia suala la ganzi, maana wapo wanaosema vidole kufa ganzi ni baridi ya alfajiri au ni umri. Tazama ni vidole vipi. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inaonyesha neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono imebanwa, jambo linalotokea kifundo kikikaa kimekunjwa kutwa. Ganzi ya kidole kidogo na jirani yake inaonyesha neva ya upande wa nje, inayokandamizwa na kiganja kinachobeba uzito wa mwili kwenye mpini. Hali ya kwanza mara nyingi hurekebishwa na pembe ya mikono ya breki na klachi. Ya pili ndiyo inayonufaika na usukani kuinuka, kwa sababu uzito unarudi kwenye siti. Mipini iliyolika ikawa laini kama kioo nayo inakufanya ukamate kwa nguvu kupita kiasi, ibadilishe. Ganzi ikikuamsha usiku, nenda hospitali, usiende kwa fundi.

Limebaki moja, na hili si la mafundi: "Pikipiki ni ya bosi, dereva hana ruhusa ya kugusa."

Naelewa linapotoka. Mwenye pikipiki ameona vyombo vyake vikirudi vimefungwa taa za disko, mwavuli na spika, na amechoka. Lakini vipande vya kuinulia vinafungwa kwa bolti na kufunguliwa kwa spana ileile. Usukani wa awali unawekwa stoo, na siku ya kuuza unarudishwa bila alama. Gharama yake ni ndogo kuliko tairi jipya. Na aliye kwenye mkataba, anayelipa kila siku ili pikipiki iwe yake mwishoni, ana haki zaidi ya kusikilizwa: hiyo ni mali yake inayokuja. Mgongo alionao leo ndio utakaokuja kuiendesha.

Kwa hiyo mwenye pikipiki, dereva wako mrefu akikuambia anaumwa, mwambie akae kwenye stendi mbele yako, afumbe macho na kunyosha mikono. Ukiona mikono imeelea juu ya mipini, chukua hesabu ya siku hiyo ukalipie vipande na bolti za 8.8. Na wewe dereva, kama usukani ulio nao una mshono wa kuchomelea, usimpakie abiria kesho kabla hujaung'oa.